Siku Laini Ilipozimwa Kihesa

Heri kujikwaa ulimi kuliko kujikwaa kidole. Najua wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakuishi katika mji ambao ulimi haujikwai tena. Kidole kikijikwaa unaumia peke yako. Ulimi ukijikwaa, walau kuna mtu amekusikia.

Hilo ndilo nililokuwa nikiwaza nilipoingia getini kwa marehemu Egidio Kikoti, Kihesa, asubuhi ya maziko yake. Nilikuwa nimevaa suruali yake ya kaki, sweta lake lililotoboka kiwikoni, na miwani yake iliyofungwa waya. Suruali niliianua mwenyewe kambani. Mimi ni Skolastika Mbano, Mngoni wa Songea, na yeye alikuwa Mhehe wa Iringa. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, na walipochoka wakaturithisha silaha moja tu, utani. Mtani wako akifa, kazi yako ni kuvaa nguo zake, kutembea kama yeye na kumtukana mbele ya watu wake hadi wafiwa wacheke. Wakishacheka, kifua kinafunguka. Wakishafunguka, wanalia.

Uwanja ulijaa. Wanaume walizunguka moto, maana Juni ya Iringa haina huruma, na wanawake walikaa kwenye mikeka na mablanketi mabegani.

"Nyie wala mbwa!" nilipaza sauti. "Mmekusanyika mnalia nini? Mhehe mmoja kafa, mbwa wangapi Kihesa wamepona? Huyu hatoki hapa mpaka anitapikie mbwa wangu!"

Nilipokuwa mtoto Songea, mtani akisema hivyo alimwagiwa maji, akatupiwa majivu, na mama mmoja akamkimbiza na mwiko. Hapa watu waligeuka taratibu wakanitazama kwa upole. Mzee Luhwavi, mkubwa wa ukoo, aliinuka akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Ee," alinong'ona. "Haya. Nd'o hivyo."

Basi. Hicho ndicho kilichotoka mdomoni mwake. Nami ningekuwa nimevaa Laini, ningesikia: Asante, binti yangu, Mungu akurudishie mara mia. Na yeye, aliyeivaa, hakusikia habari za mbwa hata kidogo. Alisikia: Poleni wafiwa, Kihesa yote imepungukiwa. Najua hivyo kwa sababu sentensi hiyo niliiandika mimi.

Mama yangu anakumbuka laini ikiwa kadi ndogo unayoitumbukiza kwenye simu. Siku hizi Laini ni punje, ndogo kama mchele, inayobandikwa nyuma ya sikio. Inaidaka sauti kabla haijafika, inapima ukali wake, inaifuma upya kwa sauti ileile ya msemaji, halafu inaipeleka ndani. Huoni pengo. Iliundwa kwa nia njema, kwa ajili ya watoto waliotukanwa mitandaoni hadi wakajidhuru. Kampuni iliwaajiri watu wa lugha, nikiwemo mimi na stashahada yangu ya Kiswahili, tuiwekee maneno mawili mawili: hili kali, hili laini. "Mwongo" ikawa "umepitiwa". "Toka" ikawa "tutaonana". Sisi mafundi hatuivai, maana fundi lazima asikie vyote viwili.

Tulidhani tunaifundisha mashine peke yake. Hatukuona kwamba midomo nayo ilikuwa darasani. Mtoto aliingia dukani akasema "ee, ile," na mwenye duka akasikia "Shikamoo mama, naomba mkate." Sasa mtoto atafute neno la nini? Watu waliacha kutafuta. Kila walipozidi kusema kidogo, Laini ilizidi kufuma kingi, na kila ilipofuma kingi, wao walisema kidogo zaidi. Mimi nilizunguka mjini na masikio yangu matupu nikisikia mji mzima ukiguna.

Isipokuwa ng'ambo ya ua wangu wa michongoma.

*

Egidio Kikoti alikuwa mwalimu wa udereva. Magari yalipoanza kujiendesha, chuo chake kikafungwa, akabaki na gari lake la kufundishia, lile lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu upande wa kushoto. Laini aliikataa kabisa.

"Mtu hajui breki iko wapi na mbele kuna ng'ombe," alisema, "nimwite mpendwa?"

Kila asubuhi alisimama kwenye michongoma na kikombe chake cha chai.

"Mngoni! Panya wangu wa darini haonekani tangu jana. Ulipika nini?"

"Nimempika na nazi, Mhehe. Nilitaka kukuletea, ila nyama yako wewe lazima ibweke kwanza."

"Kumbe unajua kupika! Mbona umekosa mume?"

"Mume nitampata wapi mji huu? Wanaume wote umewafundisha rivasi."

Alicheka hadi chai ikamwagika. Hamjui ladha ya asubuhi kama ile. Mtu anakutafutia tusi usiku kucha, analipima, analinoa, halafu anakuletea likiwa la moto. Nani amewahi kukutunzia neno hivyo? Nilikwenda kazini nikiwa nimenyooka kama niliyekunywa dawa.

Jumapili alinifundisha kuendesha, ingawa hakuna tena anayehitaji leseni. "Usitazame gia!" alifoka. "Gia haina macho, haitakutazama! Klachi! Klachi, Mngoni, siyo kinu cha babu yako!" Mguu wake wa kulia haukutulia. Uliikanyaga ile breki ya mwalimu hata tulipokuwa tumesimama. Aliikanyaga hata akiwa amekaa kwenye benchi kanisani. Padri akikosea somo, mguu wa Egidio ulibonyea.

Jumapili moja, gari likiwa limezimika njia ya Mkimbizi na moshi ukitoka, aliniambia bila kunitazama, "Mimi nikifa watanililia kwa mashine. Wewe njoo unitukane kwa mdomo."

"Nitakutukana hadi ufufuke."

"Usithubutu. Nimechoka."

*

Alifia hospitali, Mbeya. Mwanawe Fortunatus ndiye aliyeleta habari nyumbani, na ndiye aliyepandisha Laini ya mama yake hadi ngazi ya juu, ile tunayoiita Faraja.

Nilimkuta Mama Fortu chumba cha ndani, amekaa kwenye godoro, amejifunga khanga vizuri, uso mkavu. Wanawake waliomzunguka walikuwa wakiguna. Mmoja alikuwa akiuliza kama wali umeiva. Mama Fortu alimwitikia kwa kichwa, kwa unyenyekevu, kama mtu anayesomewa zaburi.

"Skola!" alisema aliponiona. "Mbona umevaa nguo za mzee? Akiamka atavaa nini?"

Nilipiga magoti. "Mama Fortu, mzee amekufa."

"Ndiyo, wameniambia. Amepumzika." Aliupapasa mkono wangu. "Safari ya Mbeya ilimchosha. Nimemwekea uji kwenye chupa, ila nimewaambia vijana wasipige kelele karibu na kitanda chake."

"Siyo kitanda, mama. Ni jeneza. Wanamzika leo saa nane."

"Ndiyo," alisema, akatabasamu. "Saa nane wanampeleka kwenye nyumba yake. Fortu kaniambia. Sijui kajenga lini, huyu mtoto, bila kutuambia!"

Nilitoka nje.

Nisikilizeni. Mashine haikumdanganya yule mama. Amepumzika, ametangulia, nyumba ya milele: maneno hayo ni yetu, tumeyasema tangu enzi na enzi, na kila aliyesema alijua na kila aliyesikia alijua. Neno lilifunika, lakini chini ya kifuniko kila mtu aliona chungu. Laini ilikuta vifuniko ikaamini ndiyo chakula. Na Mama Fortu, aliyelishwa vifuniko miaka mingi, alikuwa amesahau kufunua. Saa nane wangemteremsha mumewe ardhini, naye angesimama pembeni na chupa ya uji akisubiri aamke. Kisha angesubiri kesho, na keshokutwa, nyumbani peke yake, bila kumwambia kwaheri.

Nilimkuta Fortunatus nyuma ya jiko, akielekeza watu wa viti. Ni mtu mpole, mhandisi. Nilikuwa nimeshafanya naye kazi ndogondogo za kampuni.

"Kaka Fortu, mama yako hajui kwamba baba amekufa."

"Asante, dada," aliguna. "Ee. Nashukuru."

"Hujanisikia! Anadhani amelala!"

"Asante. Ee."

Nilimshika mabega. Nilielekeza kidole sikioni kwake, kisha chumba cha ndani. Hapo akaacha kuguna. Macho yalimlegea, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatafuta maneno, polepole, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Najua, Skola," alisema. "Najua unachosema. Sitaki kukisikia. Presha yake... Daktari kasema akipata mshtuko mmoja, basi. Baba nimempoteza. Nimpoteze na mama kwa sababu ya neno?"

Jibu lolote angelisikia kama pole. Huwezi kubishana na mtu ambaye kila unalomwambia linamfikia likiwa limeshakubali.

Mfukoni nilikuwa na kipumzisho. Ni kidude cha mafundi, kama kiberiti, tunachokitumia tukienda kupima nyumbani kwa watu. Ukikibonyeza, Laini zote za eneo zinalala kwa muda wa kutosha chai kuchemka. Sharti lake ni kuomba ruhusa kwa kila mtu aliyepo, naye akubali.

Nilikaa juu ya gogo la kuni. Nilifikiri juu ya moyo wa yule mama, jinsi ulivyo mdogo na ulivyochoka. Nilifikiri kwamba Fortu ni mtoto wake wa kumzaa na mimi ni jirani tu, na kwamba watu waliojaa pale hakuna hata mmoja aliyenituma. Yote hayo niliyafikiri. Kisha nikamwona msichana wa jikoni akipita kwenda chumba cha mbele kulikokuwa na jeneza, amebeba ile chupa ya uji na kikombe kimoja kimefunikwa kisahani.

Niliinuka nikaenda katikati ya uwanja, nikabonyeza.

*

Kwanza hakuna aliyegundua. Midomo iliendelea kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa ilisikika.

"...wali bado tu?"

"Ee. Nd'o hivyo. Ee."

"...jana mechi ilikuwa mbovu..."

"Shamba la Kalenga hapati huyo, labda mimi nife."

Halafu watu walitazamana kama waliokutwa bila nguo. Mmoja aligusa nyuma ya sikio, akagusa tena. Aliyetaja shamba alikuwa mdogo wa marehemu, na kaka yake mwingine alikuwa ameketi ubavuni kwake. Walitazamana kwa namna ambayo hadi leo, nasikia, hawajaacha kutazamana.

Sikuwapa nafasi. Nilivuta benchi hadi mlangoni mwa chumba cha ndani, nikakaa upande wa kushoto, nikaishusha miwani hadi puani, nikafoka kwa sauti ya Egidio: "Usitazame gia! Gia haina macho!" Na mguu wangu wa kulia ukabonyea sakafuni. Pap.

Kuna aliyecheka jikoni, kicheko kifupi, akajiziba mdomo.

"Klachi! Nani kakupa leseni, wewe? Shetani?" Pap. "Mbele kuna ng'ombe! Ng'ombe! Huyo si ng'ombe, huyo ni padri, mkwepe hivyohivyo!" Pap, pap.

Kicheko kikatoka tena, mara hii kutoka kwenye moto, kikapita kwenye mikeka, kikakua. Watu waliokuwa hawajacheka kwa matusi tangu ujana wao walikuwa wakipiga magoti yao. Mzee Luhwavi alinirushia majivu usoni. Nilitaka kumbusu.

Mama Fortu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hata kitandani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana, "hata kitandani alikuwa akikanyaga. Usiku kucha. Shuka zote zimetoboka miguuni." Alicheka, akashika fremu ya mlango. "Nilimwambia, wewe mwanaume, siku utakayotulia..."

Hakumaliza. Niliona neno likimfikia, lake mwenyewe, bila mtu kulifuma.

"Skola. Ametulia?"

"Amekufa, mama. Egidio amekufa. Amelala ndani ya jeneza chumba cha mbele, na saa nane tunamfukia. Nenda ukamuage."

Kilio alichotoa sitakielezea. Kiliwainua watu wote kama upepo unavyoinua mabati. Alikimbia chumba cha mbele, akaipiga teke chupa ya uji, akamshika mumewe mashavu kwa mikono yote miwili, akamwita kwa jina ambalo sisi wengine hatukulijua. Alimgombeza. Alimuuliza kwa nini alikwenda Mbeya bila soksi. Alimwomba msamaha wa jambo fulani la zamani, akamsamehe jambo jingine, yote kwa sauti, yote mbele yetu, na uwanja mzima ukalia naye.

Na watu walianza kuzungumza, vibaya, wakijikwaa. Mwanamke mmoja dereva wa zamani alimkaribia Mama Fortu akasimama, mikono haina pa kwenda. "Verediana, mimi... sijui. Mumeo alinifundisha rivasi. Basi. Kila nikirudi nyuma namkumbuka." Pole nzuri kuliko ile sijapata kuisikia.

Laini ziliamka baadaye kidogo. Saa nane tulimzika. Mama Fortu alitupa udongo kwa mkono wake wa kushoto.

Mkono huo haujafanya kazi nyingine tangu jioni ile. Alianguka kwenye kizingiti tulipotoka makaburini, na Fortu akambeba hadi garini.

*

Siku ya kuanua matanga niliitwa mbele ya ukoo. Mama Fortu alikuwepo, amerudi kutoka hospitali, amekalishwa kwenye kiti chenye mto. Mdomo wake umevutwa upande mmoja. Mkono wa kushoto umelala mapajani, umefunikwa khanga ambayo mtu mwingine amemfunga. Naambiwa siku nyingine anavaa Laini na siku nyingine anaivua, na akiivua analia, na uji haweki tena. Siku ile alinitazama tu. Tangu maziko hajaniita kwa jina. Sijui kama ataniita tena.

Mzee Luhwavi aliguna maneno matatu, na mjumbe wa kampuni aliyekaa kando yake akaguna mawili. Nilielewa. Niombe radhi, yaishe. Nirudi kazini.

Na ilikuwa rahisi mno! Jozi ile naikumbuka, niliiweka siku yangu ya kwanza kazini: mtu akikataa kuomba radhi, Laini ifume radhi. Ningeweza kuwatajia bei ya vitunguu, wote wangesikia toba yenye machozi. Ningeweza kuwaambia nendeni zenu, wangenisamehe.

Nilimtazama Fortunatus. Alikuwa amekonda. Niligusa sikio langu tupu, nikasubiri.

Alielewa. Alitazama mkono wa mama yake, akanitazama mimi kwa chuki niliyoistahi, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe. Kisha akabandua ile punje, akaifumbata kiganjani.

"Sema," alisema. "Mama yangu hawezi kujifunga khanga. Kila asubuhi namfunga mimi, na vidole vyangu havijui. Nilikukataza. Nilikuambia daktari kasema nini. Sema sasa, nikusikie."

Kiswahili kimenipa maneno mawili hapo ambapo Laini ina moja, nami nayajua yote mawili.

"Pole, Fortu," nilisema. "Pole kwa mkono wa mama. Pole ninayo, nitakupa kila siku utakayoitaka, na nitakuja kufua, na nitakuja kumfunga khanga akiniruhusu. Lakini samahani sina. Alimuaga mumewe. Ningerudishwa leo kwenye gogo lile la kuni ningebonyeza tena. Siombi radhi."

"Rudia," alisema.

"Siombi radhi."